Mpita Njia, Mwenyeji na Vipepeo wa Nzega

Mwezi Julai 1858 John Hanning Speke alimwacha mwenzake Richard Burton huko Kazeh, palipo Tabora ya leo, akashika njia ya kaskazini kulitafuta ziwa ambalo habari zake alizipata kwa wafanyabiashara Waarabu. Alikata nchi ya Wanyamwezi, akaingia ya Wasukuma, na kabla mwezi haujatimia alikuwa amesimama kusini mwa ziwa hilo, Nyanza. Nchi aliyoikata ndiyo yenye Nzega. Aliipita katikati ya kiangazi, wakati nyasi zimelala, mbuga zimepasuka na migunga imepukutisha majani.

Hakuwa peke yake kupita wakati huo. Wapagazi wa Kinyamwezi, waliobeba sehemu kubwa ya mizigo kati ya Tabora na pwani, walikuwa wakulima kabla ya kuwa wapagazi. Wengi walifunga safari baada ya mavuno na kujitahidi kurudi kabla ya mvua za kupandia. Kwa hiyo njia ya misafara ilijaa watu katika miezi ile ile ambayo vipepeo ni wachache kuliko wakati wowote wa mwaka. Aliyeijua Unyamwezi kwa kuipita tu angeweza kuapa kwamba ni nchi isiyo na vipepeo, na mama aliyebaki nyumbani akipalilia mtama mwezi Februari angemcheka.

Siku hizi, katika nchi nyingi za dunia, watu wa kawaida hutoka na daftari wakatembea mashambani na kuhesabu vipepeo bila malipo, hadi wiki za mwisho za msimu. Kazi hiyo inaweza kuwa na maana gani Nzega, mahali ambapo msimu hufungwa na mvua na wala si na baridi? Nani ataifanya, kwa faida ya nani, na kwa nini arudi tena wiki ijayo? Nitadai kwamba hesabu ya namna hii hudumu pale tu ambapo namba inamrudia aliyeihesabu. Mpita njia huondoka na namba yake. Mwenyeji huishi nayo.

Msimu unapofunga

Nzega hupata msimu mmoja wa mvua kwa mwaka, takribani kuanzia Novemba hadi Aprili. Ni nchi ya mpakani kimaumbile: kusini, kuelekea Tabora na Sikonge, kuna miyombo na mininga; kaskazini, kuelekea Shinyanga, kuna mbuga za udongo mweusi na migunga. Vipepeo wa pande zote mbili hukutana hapa. Kiwavi wa kipepeo hula mmea wake maalumu, na mmea huo huchipua kwa mvua. Kwa hiyo idadi ya vipepeo hupanda nyuma ya mvua, hukolea mvua zinapokaribia kuisha, kisha hushuka majani yanapokauka.

Wiki hizo za Aprili na Mei, mama anapoanza kuwazia viazi vya kuanikia michembe na matobolwa, ndizo zenye mengi ya kuona. Yuko kipepeo aitwaye kitaalamu Precis octavia, anayepatikana sehemu kubwa ya Afrika ya mashariki na kusini. Anayezaliwa wakati wa mvua huwa mwekundu wa chungwa. Anayezaliwa kuelekea kiangazi huwa wa samawati iliyokolea. Tofauti ni kubwa kiasi kwamba zamani wataalamu waliwadhania kuwa aina mbili, kumbe kinachoamua rangi ni hali ya hewa, hasa joto, wakati kiwavi anakua. Vipepeo wadogo wa kahawia wa jenasi Bicyclus nao hufanya vivyo hivyo: wa masika wana madoa makubwa kama macho pembezoni mwa mbawa, wa kiangazi madoa hayo hufifia, na kipepeo akitua juu ya majani makavu haonekani. Watafiti wameeleza sababu yake. Masika yenye majani mabichi, doa la jicho huvuta mdomo wa ndege au mjusi kwenye ukingo wa bawa, mbali na mwili. Kiangazi, kujificha kunafaa zaidi.

Mwisho wa msimu, basi, ni wakati ambapo makoti mawili huonekana kwenye njia moja. Anayeandika ni lini koti la pili limeanza na ni lini la kwanza limetoweka anaandika kalenda ya mvua kwa mkono mwingine. Mwaka ambao mvua imekatika mapema, vipepeo watakuwa wamelisema hilo kwa mbawa zao.

Namna hesabu ilivyopata kanuni

Kuhesabu vipepeo kunaonekana rahisi mpaka ujaribu. Wanaruka, wanarudi, wanapotea nyuma ya kichaka; jua likifichwa na wingu wote hutulia, ungedhani wamekufa. Mtu mmoja akihesabu saa nne asubuhi na mwingine saa kumi na moja jioni, namba zao haziwezi kukaa meza moja.

Aliyetengeneza kanuni inayofuatwa mahali pengi leo ni Mwingereza Ernest Pollard, katika kituo cha utafiti cha Monks Wood, miaka ya 1970. Kanuni yake ni nyepesi: chagua njia moja, itembee kila wiki katika msimu mzima kwa mwendo uleule, na uhesabu tu wale walio ndani ya mita 5 mbele yako na mita 2.5 kila upande. Usihesabu siku ya mvua, ya baridi au ya upepo mkali. Mwaka 1976 mpango wa kitaifa wa Uingereza ulianza kwa njia hiyo, ukibebwa na watu wa kujitolea, na haujakoma hadi leo. Uholanzi ilifuata mwaka 1990, kisha nchi nyingine za Ulaya.

Nguvu ya kanuni hii iko katika marudio. Haidai kuwaona vipepeo wote. Inadai tu kwamba kosa la leo liwe sawa na kosa la wiki ijayo, ili tofauti itakayobaki iwe ya vipepeo wenyewe. Kwa sababu hiyo hata sifuri ina thamani. Aliyetembea njia nzima bila kumwona hata mmoja ameleta taarifa, ilimradi aiandike.

Matunda ya subira hiyo yameonekana. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha uchambuzi wa vipepeo wa Marekani uliojumuisha hesabu zaidi ya 76,000 kutoka programu 35, nyingi zikitegemea watu wa kujitolea. Walikuwamo vipepeo milioni 12.6 wa aina 554, na jibu lilikuwa kwamba kati ya 2000 na 2020 idadi yao ilipungua kwa asilimia 22. Uingereza, katika hesabu kubwa ya umma iliyoanza mwaka 2010, ambapo kila mtu huhesabu kwa dakika 15 mahali pamoja, wastani wa mwaka 2024 ulikuwa vipepeo 7 kwa kila hesabu, wa chini kuliko miaka yote iliyotangulia. Hakuna profesa ambaye angeweza kuyapata hayo kwa miguu yake mwenyewe. Yalihitaji wastaafu, walimu, watoto na akina mama wa bustani, kila mmoja na kipande chake cha njia.

Kwetu hawakuanza jana

Ni kosa kudhani kwamba Afrika Mashariki inangoja kufundishwa kuhesabu vipepeo. Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ilikuwa na mtafiti C. B. Williams mwishoni mwa miaka ya 1920. Alijishughulisha na vipepeo wanaohama, wale weupe wanaovuka barabara kwa maelfu siku mbili tatu kisha wasionekane, na mwaka 1930 alitoa kitabu juu ya uhamaji wao. Yeyote aliyewahi kusafiri kwa basi kutoka Tabora kwenda Nzega mvua zikiwa zimekolea anaijua picha hiyo kwenye kioo cha dereva. Anaweza pia kuiona hatari yake: aliyehesabu siku ya uhamaji tu atasema nchi imejaa, na aliyekuja wiki moja baadaye atasema nchi imekufa.

Miaka ya 1960, Denis Owen akifundisha Makerere alihesabu kipepeo mdogo aitwaye Acraea encedon mjini Kampala, akashangaa kwamba mahali pengine karibu wote ni majike. Sababu ilikuja kujulikana miongo kadhaa baadaye: bakteria wanaoishi ndani ya kipepeo huua mayai yenye madume. Mwaka 2000 ikatangazwa kwamba hata yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe, Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe kama maziwa, ana bakteria wa namna hiyo katika eneo letu. Mzizi wa ugunduzi wote huo ni mtu aliyesimama bustanini akihesabu madume na majike, akakataa kuipuuza namba iliyomshangaza.

Dar es Salaam nayo ina sura yake. Katika miaka ya 1970 David Smith alifuatilia huko Danaus huyo pamoja na Hypolimnas misippus, ambaye jike lake limeiga rangi za Danaus hata likaonekana kama pacha wake. Danaus ana sumu anayoipata kutoka kwenye mmea aliokulia. Hypolimnas hana, lakini ndege humkwepa kwa kumdhania mwenzake. Mhesabuji mgeni angewaandika wote kwa jina moja, na tofauti ingepotelea ndani ya namba.

Msitu wa Kibale, magharibi mwa Uganda, umefuatiliwa kwa mitego yenye ndizi zilizochacha na watafiti wa Makerere na wenzao kutoka Finland. Walichokipata ni kwamba mahali penye misimu miwili ya mvua vipepeo nao hupanda na kushuka mara mbili kwa mwaka. Nzega yenye mvua moja isitarajie mdundo huo, wala isipimwe kwa kalenda ya Kibale au ya London.

Zipo pia hesabu za sokoni. Mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993 kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, karibu na Gede, ukiwafundisha wanavijiji kufuga vipepeo na kuuza mabuu yao yaliyojifunga kwa majumba ya maonyesho ya ng'ambo. Amani ikafuata kwa mradi kama huo, na Zanzibar ikapata kituo cha vipepeo pale Pete, karibu na Jozani. Mfugaji wa vipepeo hana budi kujua kila aina na mmea wake, na wanavijiji waliyajua hayo upesi kuliko wanafunzi wengi wa chuo, kwa kuwa palikuwa na sababu. Lakini mwaka 2016 Tanzania ilipopiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, wafugaji wa Amani waliguswa moja kwa moja. Maarifa yaliyoshikizwa kwenye soko moja hutikisika soko linapotikisika.

Kilosa: pale namba iliporudi

Kati ya mifano yote, unaoifaa Nzega kuliko mingine hauhusu vipepeo wa mchana. Unahusu nondo, na hapa simaanishi nondo za ujenzi. Ni nondo wa viwavijeshi, mdudu wa usiku ambaye watoto wake hushukia mahindi, mtama na malisho kwa makundi, na shamba lililokuwa kijani Jumatatu likawa vijiti Ijumaa.

Tanzania imekuwa kwa miongo mingi na mtandao wa mitego ya nondo hao, taarifa zikipelekwa kituoni kwa ajili ya utabiri. Tatizo lilikuwa njia ya kurudi. Taarifa ilitoka kijijini, ikaenda mbali, ikachambuliwa, ikageuzwa tahadhari ya eneo pana, na mara nyingi ilipofika kwa mkulima viwavi walikuwa wamekwisha kufika kabla yake. Ilikuwa ni safari ya msafara: mzigo unaenda pwani, habari inarudi baada ya miezi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wilayani Kilosa, utaratibu huo uligeuzwa. Kijiji kilipewa mtego mmoja wenye harufu ya nondo jike inayovuta madume, pamoja na kipimo cha mvua. Wakulima waliochaguliwa na wenzao walifundishwa kuhesabu nondo walionaswa na kupima mvua. Nondo wakizidi kiwango fulani na mvua ikanyesha ya kutosha, wao wenyewe walitoa tahadhari kijijini: wiki ijayo kagueni mashamba. Hakuna aliyengoja barua. Utaratibu huo ulienea katika wilaya nyingine na kuvuka mipaka hadi Kenya na Ethiopia.

Kilosa iko kwenye njia ileile ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapanda bonde la Mkondoa kuelekea Ugogo na Tabora. Kwenye njia ambayo kwa karne nzima maarifa yalipita yakielekea kwingine, wakulima waliushika mtego wakabaki na jibu. Kilichowafanya waendelee kuhesabu ni kwamba namba ya Jumapili iliamua kazi ya Jumatatu.

Vikwazo vya kweli

Tukirudi kwa vipepeo wa Nzega, kikwazo cha kwanza ni majina. Kiswahili kina neno moja, kipepeo, lenye asili ya kupepea. Tanzania ina aina zaidi ya 1,000 za vipepeo, na kitabu kikuu juu yao, cha Jan Kielland wa Norway, kilitoka mwaka 1990 kwa Kiingereza na kwa majina ya Kilatini. Huwezi kumwambia mkulima ahesabu Belenois aurota. Lakini huna haja. Hesabu za umma za Ulaya zenyewe humpa mtu chati ya aina chache zinazotambulika kwa macho, na Nzega yaweza kuanza na makundi kumi, kama vile weupe wanaohama, wadogo wa manjano, wa chungwa mwenye ncha nyeusi, akiwekewa alama ya tahadhari kwa sababu ya pacha wake, mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, ambaye kiwavi wake hula majani ya mchungwa na mlimao, wadogo wa samawati wa kwenye migunga, wale wenye mbio wanaotua kwenye mavi ya ng'ombe na maembe yaliyooza. Majina yatakuja wenyewe, na huenda mengine yapo tayari katika Kinyamwezi na Kisukuma, kwa wachungaji na warina asali.

Kikwazo cha pili ni saa na kalenda. Kanuni ya Pollard inahofia baridi; Nzega ihofie jua la mchana, linalowasukuma vipepeo kivulini. Saa tatu hadi saa tano asubuhi huenda zikafaa zaidi, na hilo lapaswa kupimwa hapohapo kwa majaribio ya msimu mmoja kabla ya kuandikwa kuwa kanuni. Msimu nao uanze na mvua za kwanza na uendelee mpaka Julai, ili mwisho wa msimu uonekane ukiwa na mwanzo wake.

Cha tatu ni neno kujitolea. Ulaya linamaanisha mtu mwenye mshahara au pensheni anayetoa Jumamosi yake. Tanzania ya leo kijana anayesema "najitolea" mara nyingi ni mhitimu anayefanya kazi bila mshahara akingoja ajira, na mradi ukija kijijini swali la kwanza ni posho. Si ubahili wa moyo. Saa moja ya mkulima mwezi Januari ni mstari wa pamba ambao haukupaliliwa. Hata hivyo mikoa ya Tabora na Shinyanga haikosi mfano wa watu kujipanga wenyewe bila malipo: jeshi la jadi la Sungusungu lilizaliwa hapa mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa mazuri na mabaya yake, kwa sababu ng'ombe walikuwa wakiibwa na watu walitaka wasiibwe. Bayeye, chama cha waganga na wachezaji wa nyoka, kilitunza elimu ya nyoka na dawa zake kwa vizazi. Watu huku hawakatai kutunza maarifa ya viumbe. Hukataa kutunza maarifa ambayo mwenye kuyatumia ni mtu mwingine.

Cha nne ni simu. Programu kama iNaturalist, na hifadhi ya picha iitwayo LepiMAP iliyoanzia Chuo Kikuu cha Cape Town, zimerahisisha kutambua kipepeo kwa picha. Mwenye simu ya kamera na bando anaweza kupata jina kutoka kwa mtaalamu aliye mbali, na hilo ni jambo kubwa. Lakini picha humpenda kipepeo mzuri aliyetulia. Wa kahawia asiyevutia hapigwi picha, na sifuri haina picha kabisa. Orodha ya picha husema fulani yupo, haisemi amepungua. Simu iwe mkalimani wa majina, daftari libaki mizani.

Nzega ihesabu nini, na wapi

Hesabu bila swali huchosha. Nzega ina maswali yake, na matatu yanaweza kutembelewa asubuhi moja.

Kuna ngitiri. Ni desturi ya Wasukuma na Wanyamwezi ya kufunga kipande cha malisho wakati wa mvua ili kije kufaa kiangazi, na iliyafufua maeneo makubwa ya Shinyanga chini ya mpango wa hifadhi ya ardhi, HASHI, ulioanza mwaka 1986. Macho huona miti imerudi. Lakini je, maisha yamerudi kati ya miti hiyo? Kipepeo hategemei miti tu. Anategemea nyasi, magugu, vichaka vya mbigili na mimea ya utomvu. Njia ya kilomita moja inayopita nusu ndani ya ngitiri na nusu nje yake, ikitembewa kila wiki, inaweza kuonyesha kwa namba tofauti ambayo wazee wa kijiji huibishania kwa maneno.

Kuna pamba. Mkulima wa pamba hupiga dawa kuua funza wa vitumba, na dawa haichagui. Vipepeo si wachavushaji wakuu. Kazi kubwa ni ya nyuki, na Tabora ni nchi ya asali. Faida ya kipepeo ni kwamba anaonekana mchana, ni mkubwa, na haumi. Kumhesabu ni kuchungulia kwa dirisha hali ya wadudu wengine. Mrina asali mwenye mizinga karibu na mashamba ya pamba ana sababu ya kutaka kujua wadudu wa ukingoni hupungua kiasi gani baada ya dawa, na hurudi baada ya wiki ngapi. Yeye, pamoja na mchungaji, ndiye mhesabuji bora kuliko mgeni yeyote, kwa kuwa njia yake ya kila wiki ipo tayari. Hata lambo analonyweshea ng'ombe ni kituo: vipepeo madume hukusanyika kwenye tope la kingo zake kufyonza chumvi.

Swali la tatu liko shambani karibu na nyumba. Acraea acerata ni kipepeo mdogo wa rangi ya chungwa iliyopauka, asiye na urembo wa kumsimamisha mtu, na viwavi wake hula majani ya viazi vitamu. Katika Afrika Mashariki milipuko yake mara nyingi huja kiangazi kinapoanza, yaani wiki zile zile za kufunga msimu. Viwavi wachanga hukaa pamoja chini ya utando juu ya majani. Wakibainika mapema, mtu huchuma majani hayo kwa mkono na kuyateketeza. Wakikua hutawanyika, na hapo shamba hubaki mashina. Kwa familia inayotegemea michembe kuvuka miezi ya njaa, tofauti ya siku tano si ndogo.

Hapa ndipo mfano wa Kilosa unapotia mizizi Nzega. Ikiwa daftari la kuhesabia vipepeo lina safu moja ya kipepeo wa viazi, na mama mwenye matuta ya viazi akapata habari Jumapili kwamba wiki hii wameonekana wengi kuliko wiki iliyopita, hesabu nzima imepata mwenyewe. Safu nyingine tisa, za ngitiri, za makoti mawili, za weupe wanaohama, zitabebwa na hiyo moja, kama mpagazi anavyofunga mzigo wake mdogo juu ya mkubwa.

Shule zinaweza kusaidia. Vilabu vya Malihai vimekuwapo katika shule za Tanzania tangu 1980, na watoto wana macho makali kuliko watu wazima. Lakini mwanafunzi huhitimu akaondoka, na mwalimu huhamishwa. Njia ya kuhesabia iwe ya kijiji. Shule iazime, isimiliki. Namba ziandikwe ubaoni kwenye ofisi ya kijiji kabla ya kutumwa kokote, na wataalamu wanaozihitaji, wa chuo au wa wizara, wapewe nakala. Asili ibaki.

Sifuri mbili

Baada ya Speke walikuja wengine. Richard Böhm, mtaalamu wa viumbe kutoka Berlin, aliishi kusini mwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1880, akakusanya ndege na wanyama, akafa Katanga mwaka 1884. Jina lake limebaki kwa keremkerem mmoja, na kazi yake imebaki katika vitabu na makabati ya Ujerumani. Tusimdharau; bila wakusanyaji kama yeye, majina tunayoyatumia yasingekuwapo. Ila wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi wa waliopita njia hii hawakufika siku ya tatu.

Chukua basi Julai mbili. Katika ya kwanza mpita njia anakata mbuga ya Nzega, haoni kipepeo, na anaendelea na safari yake kuelekea ziwani. Katika ya pili mchungaji anamaliza njia ya ngitiri aliyoitembea tangu Novemba, hamuoni hata mmoja, na anaandika 0 kwenye daftari. Alama ni ileile. Lakini juu ya sifuri ya mchungaji kuna namba za Machi na Aprili, kuna wiki ambayo koti la samawati lilianza, kuna Jumapili ambayo akina mama waliambiwa wakague viazi. Na chini yake kuna mistari mitupu iliyochorwa kwa rula, ikingoja Novemba.